Siku Nilipomtazama Refa

Baba Kristina,

Jumamosi nimekwenda kutazama mpira. Mimi huyu, ambaye miaka yote tisa ya ndoa yetu sikukanyaga uwanjani hata mara moja. Nimekwenda mwenyewe, na nimesimama mpaka mwisho.

Niko Ujerumani. Hili hulijui. Mwaka mmoja baada ya kukuzika, masista wa zahanati nilikokuwa muuguzi waliniita wakasema kuna nafasi ya kusomea ukunga huku. Nilikataa mara mbili. Mama akaja kutoka Kasansa, hata mzigo hajautua, akaniambia, "Nenda. Watoto nitakaa nao mimi." Basi Kristina na Deo wako kwa bibi yao, wanakula wali mpya, na Deo ameng'oka meno mawili ya mbele. Wananiandikia. Barua zinachelewa, lakini zinafika.

Aliyenipeleka mpirani ni Ndugu Rashidi, kijana wa Tanga anayesomea ufundi wa mitambo. Watanzania katika mji huu tuko wawili tu, kwa hiyo ananiita dada na hataki nijifungie chumbani. Akaniambia, "Dada, hawa si kama wa kwetu, asubuhi shamba, jioni mpira. Hawa kazi yao ni hiyohiyo." Nilicheka. Mtu mzima, ana mke na watoto, kazi yake kukimbia!

Ungeuona uwanja ule. Watu wengi kuliko siku ile askofu alipokuja Mpanda. Nyasi kijani kibichi, zimekatwa zikawa sawa, hakuna njia ya ng'ombe inayopita golini. Rashidi aliniambia nimtazame namba kumi. Nilijaribu. Lakini macho yangu yakaenda kwa mtu mmoja mwenye nguo nyeusi, ana miguu myembamba kama yako, anakimbia kinyumenyume, na hakuna hata mmoja anayemshangilia. Nikamfuata yeye tu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kaptura yako nyeusi ya urefa nilikuwa naifua na kuipiga pasi, lakini sikuwahi kuiona ikikimbia.

Wenyeji walikuwa mbele kwa goli moja. Karibu na mwisho, yule refa akapuliza filimbi, akaonyesha penalti. Dhidi ya wenyeji.

Uwanja ukachafuka. Miluzi, ngumi hewani, na matusi. Matusi mtu unayatambua hata kama lugha huijui vizuri. Mzee aliyesimama karibu yangu alivua kofia akaitupa chini. Wachezaji wakamzunguka yule refa, mmoja akamsukuma kifuani. Mimi nikamshika Rashidi mkono, nikafumba macho, maana nilikuwa najua kinachofuata. Nilikuona ukirudi nyumbani na shati limechanika, siku ile uliyowapa Magamba penalti dhidi ya Makanyagio, dhidi ya majirani zetu wenyewe. Kesho yake kisimani, wanawake wakasogeza ndoo zao mbali na yangu. Wiki nzima hakuna aliyenisalimia.

Na mimi, badala ya kukuuliza ilikuwaje, nikakuambia, "Chagua. Filimbi au mimi."

Hukubisha. Uliigawa filimbi Jumatatu ile ile. Miaka miwili, kila Jumapili, ukawa unakaa uani unabangua karanga, kelele za uwanjani zinatufikia, na wewe unajifanya husikii. Mpaka homa ya uti wa mgongo ikakuchukua kwa siku nne. Mimi muuguzi, nimekaa pembeni yako, sikuweza kitu.

Nikafumbua macho, nikamwuliza Rashidi, "Amekosea, eh?"

"Hajakosea, dada. Beki kanawa. Kanawa waziwazi, nimemwona."

Kanawa.

Baba Kristina, neno hilo nilikuwa nimeshalisikia. Siku ya mazishi yako, Method, yule beki wa Makanyagio, alinifuata pale nilipokaa na akina mama. Akachuchumaa mbele yangu analia. "Shemeji," akasema, "siku ile nilinawa. Nilinawa, na nikanyamaza." Mimi nikadhani anazungumzia chakula. Nikadhani msiba umemchanganya. Nikamwambia, "Haidhuru shemeji, kula tu." Aliniangalia sana, kisha akaondoka bila kula.

Nikamwomba Rashidi anieleze polepole. Kunawa ni kuugusa mpira kwa mkono. Ni hivyo tu. Kila mtu Makanyagio alikuwa analijua neno hilo isipokuwa mke wa refa.

Nikalia. Yule mzee alidhani nalilia goli, maana penalti ilikuwa imeingia. Akanipa leso yake, akanipigapiga begani. Na yule refa? Alitembea peke yake hadi katikati, akatazama saa, akapuliza, mchezo ukaendelea. Ulipokwisha, manahodha wote wawili walimpa mkono. Nikampigia makofi. Watu wakageuka kunitazama, Rashidi akanivuta koti. Sikuacha.

Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Tangu uondoke sijalala hivyo.

Nimebakiza miezi mitano. Kazi naiweza, juzi mwalimu wetu aliniachia mama mmoja nimzalishe mwenyewe, mtoto akatoka analia kwa nguvu, nikamshukuru Mungu kwa Kipimbwe, lugha yetu ya nyumbani, wakacheka wote. Nikirudi nitaanzia kwa Method. Amebeba mzigo wake muda mrefu, na alipotaka kuutua mimi nilimpa ugali.

Kisha nitakwenda Kasansa kwa Kristina. Hili sikukuambia ulipokuwa hai: baada ya mechi ile alipigana shuleni mara tatu, kwa sababu watoto walisema baba yake alikula rushwa. Mara zote tatu nilimchapa. Alikuwa analia anasema, "Baba hakukosea, mama, hakukosea," na mimi naendelea kuchapa.

Pumzika, mume wangu. Nitapiga magoti mbele ya mtoto wetu, nitamwambia alikuwa anasema kweli.

Mkeo,
Mama Kristina