Darsa Lililoanzia Mlango wa Biashara

3 Februari

Baba mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama bado anakuficha chumvi? Sisi wazima. Mume wangu kahamishiwa zamu ya mchana, angalau sasa tunaonana.

Darsa limeanza, Baba! Tunakaa nyuma ya chumba changu cha kushonea, kati ya cherehani mbili na gunia la vipande vya vitambaa. Huku msikiti upo, na zulia lake linanukia, lakini tangu ujengwe hakuna aliyewahi kukaa na kitabu cha fiqhi akakisoma mstari kwa mstari na kufasiri. Mimi nafanya kama nilivyosoma kwako, isipokuwa jambo moja, na tafadhali usikasirike: nimeanzia mlango wa biashara. Wanawake wangu wote ni wachuuzi. Walitaka kujua habari za mizani kabla ya kingine chochote.

Binti yako mkaidi

20 Februari

Binti yangu,

Wa alaikumu salaam, marahaba. Mgongo ni ule ule, na chumvi inafichwa.

Nimekasirika. Kitabu kina mwanzo, na mwanzo wake ni tohara, habari za udhu na usafi wa ibada. Mimi nilianzia hapo, mwalimu wangu alianzia hapo, na mwalimu wake pia. Wewe unaingilia dirishani! Tena kuhitimu kitabu si kupewa ijaza, hati ya ruhusa ya kukifundisha. Nilikwambia usubiri idhini yangu, ukafunga mizigo ukamfuata mumeo. Rudi mwanzo, au funga hilo darsa.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekawia kujibu kwa makusudi, nilikuwa na hasira.

Sifungi. Sikiliza yaliyotokea. Tulifika kwenye bidhaa yenye kasoro iliyofichwa, kwamba mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Mama muuza nyanya akaniomba nirudie. Kesho yake akakodi mkokoteni, akapakia friji mbovu aliyouziwa ikiwa imepakwa rangi mpya, akairudisha dukani mbele ya wateja huku akiwasomea mlango wetu kwa sauti. Mwenye duka ndiye mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Jioni ile ile akakumbuka kwamba mimi sina ijaza!

Kamati imesema nisipoileta kabla ya mwezi kwisha, darsa litafungwa, na atakayesoma kwangu atahesabiwa mpotovu. Wawili wameshakatazwa na waume zao. Inaniuma, Baba.

Kaka ulimpa ijaza akiwa bado anachanganya faradhi na sunna, na leo anauza matairi. Mimi nimekisoma kitabu kizima mbele yako, na hukuwahi kunisahihisha neno moja mara mbili. Sikubembelezi, naidai haki yangu. Ukininyima, nitafundisha barazani mlango ukiwa wazi, waje wanitoe.

Binti yako, mkaidi zaidi

24 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri. Habari ya kaka yako usinichokoze nayo, najua nilichokifanya.

Mwenyekiti wako amenipigia simu. Aliniuliza, kwa adabu nyingi, kama inafaa mtu kufundisha bila ijaza. Nikamwambia haifai hata kidogo. Akafurahi, akaniombea dua ndefu. Nikamuuliza kama yule mama amerudishiwa pesa zake. Akasema simu inakatika. Nilikaa nimeshika mkono wa simu mpaka mama yako akaja kuniuliza nani kafa.

Ijaza iko humu ndani ya bahasha. Isome msikitini, mbele yake, wanawake wako wakiwapo. Mkimaliza mlango wa biashara, mrudi kwenye tohara, na hilo siliombi. Nimeandika majina ya walimu wangu, mmoja baada ya mwingine, kisha langu, na chini ya langu nimeandika la kwako. Kuanzia leo anayetaka kukutoa barazani atutoe sote.

Baba yako