Mapipa Sita ya Kivuko

Jumatatu, 4 Machi

Daraja lilichukuliwa na mafuriko. Sasa tunavushwa na Nahodha kwa kivuko chake: mbao juu ya mapipa sita matupu, yamelazwa ubavu. Binti yangu huvuka nacho kwenda zamu hospitalini. Leo nimekikuta hakina mtu, na maji yamefika nusu ya mapipa. Mbona hivyo?

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga hesabu. Maji hukiinua chombo kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma pembeni. Mapipa sita ya lita mia mbili: lita elfu moja na mia mbili. Lita ya maji, kilo moja. Mbao na mabati, tuseme kilo mia tatu. Basi kikiwa kitupu kizame robo tu. Kimezama nusu! Kilo mia tatu nyingine ni za nani?

Nahodha anasema mbao zimelowa. Zinywe maji yote hayo — ni ngamia?

Binti anacheka. Eti tangu tuhame kwetu sikalii kiti kabla sijakitikisa. Kweli. Kule nako tuliambiwa ukuta wa bwawa ni imara.

Jumatano, 6 Machi

Nimeyagonga mapipa kwa bakora. Pipa tupu hulia. Haya — du! — kama gunia. Nahodha akaja juu, kisha akajigamba: abiria walilalamika kivuko kinayumba, akatia mchanga ndani. Sasa kimetulia kama kitanda, babu!

Jeneza nalo limetulia.

Wiki hii ya mvua wamevuka wanane wanane. Kesho soko, atapakia kumi na wawili. Watu, tuseme kilo sitini kila mmoja, na mchanga na mbao: kilo elfu moja mia tatu na ishirini. Hakibebi! Nimemwambia binti. Naye: Baba, mbona tunavuka kila siku?

Alhamisi, 7 Machi

Gatini, nimekaa kwenye tope. Wamepanda tisa, binti yangu wa tisa. Mapipa yamebakiza vidole vitatu juu ya maji, na foleni bado. Kamba ya kivuko nimejifunga kiunoni. Mikono iko huru kuandika. Nahodha anafoka, fungua mzee, soko halimngoji mtu. Muuza mkaa: mwacheni Profesa wa Mapipa, leo anavua samaki!

Binti ameshuka. Anakuja, amekunja uso. Kunitetea au kunifungua, sijui. Nyuma yake kivuko kimeinuka vidole viwili — wote wameona! — na Nahodha anaita: nafasi hiyo, pandeni wawili!