Harlan Amelala Shamba la Watu

Dorsey, uko macho? Nimeaibika, ndugu yangu. Majivu ya kaka yangu Harlan nimeyazika shamba la watu!

Lile shamba la kijitoni, ambalo miaka kumi na moja nakuambia lilikuwa la babu yetu Robert Gilkeson aliyevuka bahari kutoka Ulster. Halikuwa lake!

Leo Twila wa masjala ya ardhi kanifungulia hati ya mwaka 1761, shamba lilipouzwa. Unajua zamani mume akiuza ardhi, mke aliitwa kando aulizwe kama ameridhia. Twila akaniuliza, "Mzee, bibi yenu aliitwa nani?"

Nikasema Jennet.

"Huyu aliyeulizwa ni Agnes. Kina Robert walikuwa wawili, mtu na binamu yake, kijito kimoja. Umemfuata siye."

Umemfuata siye. Miaka kumi na moja, Dorsey!

Na yule wetu hana hata ekari moja vitabuni. Alipita tu, kama mimi.

Nikaenda kwa Bi Verlene, mwenye shamba, nikamwambia nimekuja kumfukua Harlan. Akaniuliza, "Umpeleke wapi?"

Mimi mwenyewe nalala kwenye gari.

Akasema, "Mwache, king'ang'anizi wewe. Mume wangu amezikwa pale peke yake tangu Machi. Hakupenda watu, lakini atazoea."

Bado nimekaa getini kwake. Umpeleke wapi, kaniuliza.

Dorsey, siku yangu ikifika usifungue kitabu chochote. Nilete hapa hapa, kwa watu.