Dohani ya Baba

Mdogo wangu mpendwa Taalai,

Pokea salamu zangu huko Siberia, kwenye baridi inayozidi hata ya kwetu. Hujambo? Kile kifua kimepona? Unakula vizuri, au ni mkate na chai tu? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Farasi wako wa kijivu naye hajambo, ingawa amekonda. Barua hii anakuletea Jyrgal, anayekuja huko kazini, kwa kuwa huko machimboni simu mnanyang'anywa. Nimemwambia asikupe mpaka uwe umekula, na vijana wa kwetu wawe wamekaa karibu nawe. Usimkasirikie akichelewa.

Nianze na habari ya lile sanduku, maana wewe ulilipenda kabla ya mtu yeyote hapa. Kabla hujaondoka ulimwonyesha Baba ile video kwenye simu yako: sanduku la sumaku, linatoa umeme na joto bila makaa, bila maji ya mto, bila chochote, na eti mataifa makubwa yanalificha ili tuendelee kununua mafuta yao. Nilisema joto haliokotwi hewani, lazima kitu kiliwe ndipo kingine kipate moto. Ukaniambia, "Dada, wewe na vitabu vyako vya enzi za Warusi!" Baba akacheka mpaka machozi.

Basi wakati wa kampeni Erkinbek akaja nalo. Unamjua, babu yake na babu yetu walizaliwa tumbo moja. Alisimama uwanja wa shule, sanduku limewashwa pembeni yake kwa waya uliotoka darasani kwangu, akasema kila nyumba itakayoleta makaa yake ya mawe ya msimu huu itapewa sanduku, na akichaguliwa hakuna atakayenunua makaa tena maishani. Nikanyoosha mkono kama wanafunzi wangu wanavyofanya. Nilimwomba jambo dogo tu: tulibebe sanduku mpaka katikati ya malisho ya farasi, mbali na waya wowote, tuone kama litachemsha birika moja la chai.

Akatabasamu. Akasema sanduku ni lazima kwanza liamshwe kwa umeme wa ukutani, kama mtoto anavyoamshwa aende shule. Nikamuuliza, likishaamka, mbona halichomolewi? Watu wakaangua kicheko. Seyde, yule mwenye duka, akapaza sauti: "Mwalimu, ungetafuta mume kama unavyotafuta waya, saa hizi ungekuwa na wajukuu!" Mwingine nyuma akadakia: "Mtu wetu akipata, wewe kinakuuma nini? Au umetumwa na ukoo wa ng'ambo ya mto?" Hapo nikajua nimeshindwa. Swali la birika hakulijibu mtu. Walichotaka kujua ni mimi ni wa nani.

Kisha wakamwomba Baba atoe dua, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Akakunjua viganja, akamwombea Erkinbek, akaliombea na sanduku. Uwanja mzima ukapaka mikono usoni, amina. Makaa yetu ndiyo yaliyopakiwa kwanza kwenye lori. Nilichemka kwa hasira, lakini mzee akishakunjua viganja, binti hana la kusema.

Erkinbek alishinda, akahamia mjini. Masanduku yakatupasha joto vizuri tu, nami nikawa kichekesho cha kijiji. Halafu Januari maji ya bwawa la umeme yakapungua, umeme ukakatwa bonde zima, na masanduku yakazimika pamoja na taa. Seyde alikuja kwangu amejifunga mashuka mawili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna ya kuliamsha tena sanduku lake. Wala sikupata nguvu ya kumcheka.

Sisi bandani tulikuwa na matofali ya samadi ya kondoo ya kuwashia moto, yale niliyoanika kiangazi. Nikawasha jiko. Baba akainuka kitandani, akamwaga chai yake yote juu ya moto. Akaniambia, "Nimeinua mikono mbele ya watu. Moshi ukitoka kwangu, nani ataipokea tena dua ya mzee?" Nikamwambia wenzake wanawasha usiku, moshi usionekane. Akajibu kwamba Mungu hangoji mchana ili aone moshi. Nilimsihi. Nilimpigia kelele, Taalai, baba yetu, nikamwita mpumbavu. Nikamfunika kwa kila kilichokuwamo ndani, pamoja na koti lako la ngozi, naye akawa anakohoa, amegeukia ukuta.

Asubuhi moja alinishika mkono akasema, "Swali lako la birika lilikuwa zuri, mwanangu. Nililielewa palepale. Ila wote walikuwa wameshanigeukia mimi."

Sasa sogea karibu na wenzako. Alhamisi niliwasha jiko, naye hakunizuia. Nilihitaji maji ya moto, kwa sababu sikutaka Baba aoshwe kwa maji ya barafu.

Moshi ulipotoka kwenye dohani yetu mchana kweupe, kijiji kilijua kabla sijatoka nje kulia. Na kabla wanaume hawajamaliza kusimamisha hema la msiba, kila dohani ilikuwa inatoa moshi. Wote walikuwa na samadi bandani. Walikuwa wakingoja dohani yetu itangulie kutoa moshi mchana.

Erkinbek alikuja mazikoni. Alilia kuliko wote, na alikuja na mtu wa kumpiga picha. Nilitaka kukuandikia kwamba sikulaumu kwa ile video, lakini ningekudanganya. Nakulaumu, na ninakupenda, na sina ndugu mwingine.

Utakaporudi, anza kulia ukiwa darajani, kwa sauti, kama mwana anavyomlilia baba yake. Nitakuitikia kwa kilio kutoka ndani. Wasalimie vijana wote wa kwetu, waambie wakushike usiku huu. Usiogope baridi ya nyumba, jiko sasa linawaka kutwa.

Ni mimi dada yako,
Gulsun