Kiungulia Wakati wa Eda

Jumatano, Walthamstow. Anga ni la kijivu tangu alfajiri na halijabadilika hata sasa, alasiri, ninapoandika. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Sikuona tofauti.

Sihisi vibaya. Sihisi vizuri pia.

Wengi wanaosoma ukurasa huu ni wanafunzi wangu wa zamani wa Mombasa, na habari ya kufiwa kwangu imekwisha kuwafikia. Kwa asiyejua: mume wangu, Bwana Salim, alifariki dunia mwishoni mwa majira ya baridi. Mimi ni kizuka, mjane aliye edani. Nakaa eda nyumbani kwa binti yangu Rukia, sijipambi, sitoki pasipo haja. Hayo ni ya kawaida, na kila mjane wa kwetu ameyapitia. Ninalotaka kuliandika leo ni jingine.

Sijalia.

Sikulia hospitalini. Sikulia jeneza lilipotolewa, wala waliponivisha nguo za eda huku wanawake wenzangu wakibubujika machozi pande zote. Nilisimama nikanyoosha mikono kama mtu anayepimwa nguo na fundi.

Lakini nilikuwa na moto. Ulianza siku chache baada ya mazishi. Ulikaa nyuma ya mfupa wa kifua, ukapanda polepole hadi kooni, na nyakati nyingine ulileta maji machungu mdomoni. Ulikuja zaidi nilipolala. Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya asili yake. Ilikuwa huzuni. Sisi husema moyo unaungua, nami niliona kwamba moyo wangu, ulioshindwa kulia, umeamua kuungua.

Nilifarijika. Naandika neno hilo kwa kuwa ndilo lililo sahihi.

Sasa nieleze desturi yetu, kwa maana bila hiyo mambo haya hayaeleweki. Kizuka haachwi peke yake. Wanawake huja kumtazama, huja na chakula, na chakula hicho huliwa pamoja naye, kwenye sinia moja. Asipokula, mpishi huhesabu kwamba ametukanwa. Mombasa wageni hao huja asubuhi na mchana, na kufikia magharibi kila mtu yuko kwake. London haiwezekani. Hapa wanawake ni wauguzi, ni walezi wa wazee, ni wafagiaji wa uwanja wa ndege. Hutoka kazini jioni, hupika, hupanda treni, na sinia hutua mkekani wakati mzee wa umri wangu angepaswa kuwa anajiandaa kulala. Anayekuja kwanza ana pilau. Anayemfuata ana samaki wa kupaka. Wa tatu ana mahamri na chai nzito ya tangawizi. Wote lazima wale nami, kila mmoja kwa zamu yake.

Kiongozi wao ni Bi Mwanaidi, rafiki yangu tangu ujana, akaaye Hounslow.

"Kula, shoga," huniambia. "Wewe ni kizuka, si maiti."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Nimebeba sufuria hili katika treni mbili, watu wanitazama kama nimeiba. Kula!"

Nikala. Walipoondoka, nikaenda moja kwa moja kitandani, na moto ukawaka.

Jioni moja Bi Mwanaidi alinikuta nimebonyeza kifua kwa kiganja. Akawageukia wenzake. "Mwauona mkono ulipo? Moyo wamuungua, masikini. Huyu alimpenda mumewe."

Sikumsahihisha. Mimi, mwalimu niliyekuwa nikisahihisha hata Kiswahili cha wageni wa harusi, niliuacha mkono pale pale.

Rukia alitaka nimwone daktari. Nilikataa. Nilisema kizuka hatoki, na daktari huenda akawa mwanamume, na mambo ya kifua si ya kuonyeshwa hovyo. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani, na Rukia, ambaye amekulia hapa lakini huzungumza Kiswahili nami kwa sababu sikumwachia njia nyingine, akaniacha. Kisha akanishitaki kwa Bi Mwanaidi.

"Nani kakwambia kizuka hatibiwi?" Bi Mwanaidi aliniuliza mbele ya watu.

"Ndivyo tulivyofunzwa."

"Tulifunzwa na bibi zetu, nao hawakumwuliza mtu. Mimi nimemwuliza shekhe, akacheka. Mgonjwa atoka, atibiwa, arudi. Dini yakuruhusu, wewe ndiye hujiruhusu! Ama wataka kumfuata Salim? Hata hakukuaga, wamfuatia nini?"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka, kwa mdomo tu.

Ukweli ni kwamba eda ilikuwa kisingizio. Sikutaka mtu anieleze kwamba moto ule una jina jingine.

Nilikwenda. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka ya heshima. Aliuliza kwanza kuhusu moyo wenyewe: kama maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, kama natokwa na jasho, kama yananijia nipandapo ngazi. Akaamuru moyo upimwe, ukapimwa, ukaonekana hauna kasoro. Akauliza tena kama chakula hunikwama nimezapo, kama nimekonda, kama nimetapika damu au nimepata choo cheusi. Nilijibu hapana kwa yote. Alinionya kwamba lolote kati ya hayo likitokea nisikae nyumbani kungoja ruhusa ya mtu, na kwamba maumivu makali ya kifua ni ya kupigia simu gari la wagonjwa, si ya kulalia.

Ndipo akaniuliza nakula saa ngapi.

Nilimweleza yote, masinia na zamu. Aliacha kuandika. Akaniuliza nafanya nini baada ya kula. Nikasema nalala.

Kiungulia, akasema.

Alinieleza vizuri, na mtu anapoeleza vizuri mimi humsikiliza. Baina ya umio, mrija wa kupitishia chakula, na tumbo pana msuli wa duara, unaojifunga kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba. Tumbo likijazwa kupita kiasi, au likipewa mafuta mengi yanayokawia kusagwa, msuli ule hulegea na asidi ya tumboni hupanda juu. Tumbo lina utando wa kustahimili asidi. Umio hauna, na kwa hiyo huungua. Mtu akiwa ameketi, asidi hurudi chini kwa uzito wake. Akilala na tumbo limejaa, hakuna kinachoizuia.

Nilimwambia kwamba nilikwisha kupanga mito minne chini ya kichwa, na wa mume wangu ukiwa mmojawapo. Alisema mito humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo, na huenda ikazidisha. Kinachofaa ni kuinua kitanda chenyewe upande wa kichwani, kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake. Pia nile kidogo kidogo, nimalize kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, na nichunguze ni chakula gani kinachoniudhi mimi, kwa kuwa watu hawafanani. Kwangu ni achari, pilipili, na chai nzito. Akaniandikia vidonge vya kupunguza asidi, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, kwa majuma kadhaa, kisha nirudi nimwone.

Rukia aliinua kitanda. Bi Mwanaidi alipoelezwa, alinung'unika kwamba daktari ameharibu matanga, lakini tangu hapo amekuwa akileta uji na ndizi za kuchemsha, tena mapema.

Moto ulizimika.

Nilingoja nione kilichokuwa chini yake. Hapakuwa na kitu.

Bwana Salim na mimi hatukuwa watu wa maneno. Alikuwa akimenya chungwa kila baada ya chakula cha mchana, akala nusu, na nusu akaniachia kwenye kisahani bila kusema lolote. Nikiliwaza chungwa lile naliona vizuri, hata nyuzi zake nyeupe. Lakini naliona kama kitu kilichomo katika nyumba ya jirani. Halinisogezi.

Nilianza kuogopa. Mwanamke aliyeishi na mtu karibu miaka arobaini, na hana chozi, ana nini? Nilipokuwa nikiungua niliweza kujibu swali hilo. Nilipopona, jibu likaondoka pamoja na maumivu.

Jana, baada ya chakula cha mchana, nilifungua chupa ya achari ya embe iliyosalia nyuma ya kabati. Nilikula vijiko kadhaa, achari tupu, bila mkate. Nikateremsha na chai nzito ya rangi. Kisha nikapanda chumbani. Kwa kuwa kitanda kimeinuliwa kichwani, nililala kinyume, kichwa upande wa miguuni, ili kila kitu kipate njia ya kupanda.

Kilipanda. Nilifumba macho nikamngoja Salim.

Ilikuwa achari. Ilikuwa na ladha ya achari na ilichoma kama achari.

Rukia, ambaye baadhi ya siku hufanya kazi yake nyumbani kwa kompyuta, aliingia kuchukua nguo za kufua.

"Mama, mbona umelala kinyume?"

"Nimekula achari."

"Achari! Nani kakupa?"

"Nimejipa."

"Lakini daktari alisema—"

"Nakumbuka alivyosema. Nilitaka kuona kama moto utarudi."

Aliweka kapu la nguo chini. "Umerudi?"

"Umerudi. Lakini si ule niliodhani."

Nilitazamia anigombeze, na ningalistahili. Hakunigombeza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akanipa mgongo, akasema akiwa ameelekea dirishani.

"Mimi pia sijalia, Mama."

Niliinua kichwa kumtazama.

"Nilikuwa nakuona umeshika kifua, nasema, yeye angalau anaungua. Mimi baba amezikwa Ijumaa, Jumatatu nikafungua kompyuta. Watu wakanipa pole, nikawashukuru. Niliona haya kukwambia. Nilidhani utaniona sina utu."

Basi wakati wote ule mkono wangu ulipokuwa kifuani na nikiacha Bi Mwanaidi aufasiri apendavyo, mtoto wangu alikuwa akijipima kwa mkono huo na kujiona amepungukiwa. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nashughulika na mimi tu.

Asidi ilinifika kooni nikalazimika kuketi. Rukia akaniletea dawa ya maji ya kutuliza, nikanywa, tukakaa bega kwa bega. Nilitafuta neno la kumpa. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote na sikulipata. Mwishowe nikamwambia jambo lililo kweli: kwamba sikuwa naungua kwa ajili ya baba yake. Nilikuwa naungua kwa pilau.

Aliangua kicheko kidogo, kikakatika. Hatukulia. Nilidhani tutalia, na nafikiri naye alidhani hivyo, kwa maana sote wawili tulijisogeza kidogo kana kwamba tunampisha mtu mlangoni. Hakupita mtu. Akachukua kapu lake akashuka.

Asubuhi ya leo nimemeza kidonge kabla ya chai, na chai yenyewe imekuwa ya maziwa, nyepesi. Kifua kimetulia. Ndani ni kama chumba kilichohamwa. Sijui kama huo ndio msiba wenyewe au ni kungoja tu kabla haujafika, na hakuna kidonge cha kunijulisha.

Leo jioni wanawake watakuja. Nimemwomba Rukia asipande chumbani kama ilivyo desturi yake, bali aketi nami mkekani. Nitawaambia mbele yake kwamba kilichoniunguza majuma yote yale kilitoka katika masufuria yao, na kwamba tangu Salim afariki sijatoa chozi. Bi Mwanaidi atachukia, kisha atapata la kuchekesha. Wakiniuliza juu ya moyo, nitasema sijui.

Rukia ameniuliza kama naye anaruhusiwa kujibu hivyo.

Nimemwambia ajibu.