Shubiri ya Chamsudine

Nafisa mwanangu,

Mumeo Chamsudine hana rula, hana subira, hana haya. Asubuhi kaleta placa-mãe, ule ubao mkuu wa kompyuta yetu ya filamu. Kisanduku alikipima kwa shubiri, sasa ubao hauingii, na feni yake inalia kama mbu. Kaniambia, “Mzee, tazama taa zake.” Mama yako haoni, filamu anazisikiliza tu, tena kabakiwa na sikio moja; atasikia taa?

~~Utupeni.~~ Mkirudi, ubao ufunikeni kwa kitambaa. Samaki wenu wa mchana yumo chunguni.

Nimemwandikia muuzaji wa Pemba atubadilishie, alete mdogo usio na feni. Nimesema aliyekosea kupima ni mimi: mzee huhurumiwa, mpumbavu huchekwa. Bahasha nimeigandisha kwa wali wa jana, naipeleka kwenye chapa, lile basi dogo la Pemba, sasa hivi.

Baba yako