Mkono Usio na Mapigo

Tarehe 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimekaa, maana sasa naweza kukaa. Wewe na shemeji hamjambo? Lile gogo lililonigonga kifuani kiwandani halikuvunja ubavu hata mmoja, ila liliuponda moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa haishuki. Madaktari wamenitia pampu ndani ya kifua. Waya unatokea tumboni, betri naning'iniza kiunoni kama fundi umeme. Pampu inasukuma damu mfululizo, bila kudunda. Ukinishika mkono husikii mapigo. Hata mimi nikijigusa, kimya. Wanasema moyo ukipumzika huenda ukapona.

Mama anakusalimu. Mlio wa pampu unamtisha.

Mdogo wako

Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Pole tena na tena. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nimejishika mkono, nahesabu. Betri uzichaji, nakujua kwa kusahau! Na Mama umweleze taratibu.

Dada yako

Tarehe 11 Machi

Dada,

U hali gani? Mimi mzima, ingawa Jumanne nilikufa.

Niliteleza kwenye ngazi za soko, nikajigonga kichwa, nikazimia. Nilipozinduka, macho hayafunguki. Mwanamke mmoja alinishika mkono, kisha shingo. "Huyu ameshakwenda," akasema. Wakanifunika shuka. Mtu anayetufahamu akampigia Mama, nami nikamsikia Mama akipiga ukunga ndani ya simu. Nilitaka kuita, ulimi ukakataa. Muuza nyanya ndiye aliyeinama akauliza, "Mbona maiti inanguruma?"

Hospitali walinishona kichwa. Jioni nikafika nyumbani kwa miguu yangu. Viti vya matanga vilishapangwa uani. Mama alinitazama, akaniuliza, "Unamtafuta nani?"

Tangu siku hiyo chakula ananipa, lakini ananiita mgeni. Hanigusi.

Mdogo wako

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimempigia Mama. Nikamwambia, "Mama, ni yeye." Akanijibu kwa upole, "Sauti ni yake, mwanangu. Lakini wewe uko mbali, hujamshika."

Niandikie upesi, tafadhali.

Dada yako

Tarehe 19 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya changu. Moyo umepona. Wiki tatu zilizopita wameitoa pampu. Siku ya kuupima, kabla hawajaitoa, daktari aliipunguza mwendo, nikausikia moyo wangu mwenyewe, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Niliogopa kuliko chini ya lile shuka.

Leo nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikamnyooshea mkono wa kulia. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaushika kwa vidole viwili tu, midomo ikawa inahesabu.

Usishangae mwandiko huu mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto. Ule mwingine, tangu asubuhi, hajauachia.

Mdogo wako